Swali Mbele ya Foleni

“Kwa nini umemfuta huyu mama kwenye orodha ya unga?” mwalimu wa lishe alimfokea afisa wa ustawi wa jamii.

“Fomu ni yako, madamu! Imeandikwa mtoto alikula nyama na maziwa. Wenye nyama nao niwape unga?”

Mwandiko ulikuwa wangu. Tangu niache shule humjazia mwalimu fomu, na siku hizi ofisi ya lishe na ya ustawi husoma fomu ileile. Siku ya kuijaza nilimuuliza yule mama kwa sauti mtoto alikula nini, foleni nzima ya mtaa wetu wa Kalerwe ikisikiliza. Nilijua kwake hakuna hata dagaa, lakini niliandika alivyojibu, kwa herufi nzuri. Ofisi hupenda herufi nzuri.

Sasa mama aliondoka mikono mitupu. Nilimkimbilia kumwomba radhi. Pale mlangoni akamkaza mtoto mgongoni, akaniambia, “Mwanangu, ulitaka nitangaze njaa yangu mbele ya majirani?”