Chungu cha Maua Kilichonguruma

Harufu ya mafuta ya kukatia chuma haitoki nyweleni kwa siku moja. Ni nzito, ina utamu fulani wa mafuta ya kupikia yaliyosahaulika jikoni, na ikichanganyika na moshi mwembamba unaopanda pale chuma kinapokatwa, basi hata ukioga mara mbili mama yako atajua ulikuwa wapi. Mwaka wa pili wa korona, katika baridi ile ya Julai ya Sydney, nywele zangu zilinuka hivyo kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliishi Rooty Hill, nyumba ya matofali yenye gereji, lakini gari la Baba lililala nje kwenye umande, maana gereji ilikuwa na mgeni wa heshima zaidi: mashine ya kukerezea vyuma, ya kijani, kuukuu, aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga karakana yake kule Granville. Mashine hiyo hukishika chuma na kukizungusha kwa kasi, nawe unakisogezea kisu kigumu polepole hadi chuma kikubali umbo unalotaka. Baba aliipenda kiasi kwamba Mama alisema siku moja atamkuta ameifunika blanketi.

Baba alikuwa fundi wa vyuma katika kiwanda kimoja huko Minto, na kiwanda kilikuwa kimefungwa. Sisi wa magharibi ya mji tulifungiwa ndani kuliko wale wa upande wa bahari, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa yetu kana kwamba tumeiba kitu. Shule yangu ilikuwa kwenye kompyuta mezani, na ilipofika saa sita nilikuwa nimeshaizima. Mama peke yake ndiye aliyetoka, kwenda kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, akarudi na alama za barakoa mashavuni. Kufikia wiki ya tatu Baba alikuwa ametengeneza kila bawaba na kila bomba, hata vile ambavyo havikuharibika. Mama alimwomba atafute kazi nyingine kabla hajaibomoa nyumba ili apate cha kujenga.

Kazi ikapita juu ya ua wa mbao. Jirani yetu, Mzee Trevor, dereva wa treni aliyestaafu, alikuwa mwanachama wa klabu ya watu wanaopenda silaha za kale, watu wenye vibali vya kila kitu na ndevu za kila aina. Rafiki yake wa klabu alikuwa amefariki wakati ambapo watu kumi tu ndio walioruhusiwa kuzika, na Mzee Trevor alikuwa wa kumi na moja. Klabu ikapanga kwamba milango ikifunguliwa watamuaga marehemu kwa desturi yao: mlio mmoja wa baruti kutoka katika mzinga mdogo mfupi, usiorusha chochote isipokuwa moshi na kelele. Mzinga wao wa zamani ulikuwa na ufa. Mzee Trevor akamwomba Baba awatengenezee mwingine, akampitishia mchoro, kibali kikiwa kimeambatishwa, na kipande cha chuma kizito kama gunia la unga. Baba alikipokea kwa mikono miwili.

Tatizo lilikuwa Mama. Alikimbia Burundi akiwa na miaka tisa, usiku mmoja makombora ya mizinga yalipoanza kuanguka kwenye mlima wao, akakulia kambini Tanzania hadi alipoolewa. Mlango ukijibamiza kwa upepo, Mama hukaa sakafuni kwanza ndipo aulize ni nini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Baba aliujua ung'ongo huo vizuri. Kwa hiyo Mama alipochungulia gerejini na kuuliza tunatengeneza nini, Baba, mtu ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata umri wake, alijibu, "Chungu cha maua. Ni surprise kidogo, Mama Neema." Mimi nikatazama viatu vyangu.

Laiti angesema ni kitu kingine chochote! Katika miaka yote ya ndoa Baba hakuwahi kumpa Mama hata jani. Mama aliwatangazia akina mama wote wa kwaya katika maombi ya simu kwamba mume wake anamkerezea chungu cha chuma. Akaomba kijiti cha ua kwa jirani wa upande wa pili, akakiweka kwenye gilasi ya maji dirishani, na kila asubuhi alitupimia mizizi kwa kidole: imefika hapa, imefika hapa, fanyeni hima. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Ya kwetu ilikuwa inaota mizizi mbele ya macho yetu, na nilikosa hamu ya chai kila nilipoiona ile gilasi.

Hata hivyo, sitasema uongo wa pili: nilikuwa na furaha kupita kiasi. Baba alinivalisha miwani ya kinga na koti la kazi lililofika magotini, akaniruhusu kushika mpini wa kusogezea kisu. Chuma kilitoka kwa nyuzi ndefu zilizojikunja, nyingine za bluu, nyingine za dhahabu, zikianguka miguuni zikiwa bado za moto. Siku moja nilisukuma kwa pupa na kisu kikauma, kikaacha kovu refu ubavuni mwa kazi ya siku nne. Nilingoja kugombezwa. Baba alizima mashine, akalipapasa kovu, akaiwasha tena na kulizungusha hadi likawa mfereji mwembamba unaouzunguka mzinga wote. "Sasa ni pambo," alisema. Kisha akaukaidi mchoro wa Mzee Trevor kwa makusudi: akaupa mzinga umbo la ngoma ya kwao Burundi, nene juu, ikibana kuelekea chini, na kuzunguka mdomo akapanga vigingi vidogo vya shaba kama vile vinavyoshikilia ngozi. Kuving'arisha kwa msasa ilikuwa kazi yangu. Usione vyaelea, vimeundwa. Mimi nilijua kila kigingi kilinigharimu ukucha gani.

Vigingi viwili vilikuwa vimebaki siku Mama alipokuwa anaanika nguo na Mzee Trevor akachomoza kichwa juu ya ua, na barakoa yake na furaha yake yote, akamuuliza kwa Kiingereza chake kipana mzinga wake unaendeleaje. Mama aliingia gerejini akiwa bado ameshika shuka lililolowa.

"Ndiyo hii chungu?" aliuliza. "Nimekimbia hiyo kitu nchi mbili, nimepanda avioni, nimevuka bahari, halafu mmenitengenezea ingine hapa kwangu?"

"Mum, it's not for war," nilisema. "It's just to say goodbye."

"Kwa heri inasemwa na mdomo, Neema."

Siku tatu zilizofuata Mama alipika, akapakua, akaenda kula chumbani. Baba alisema atairudisha kazi kwa mwenyewe, na mimi nililia machozi yenye aibu ndani yake, kwa sababu sikulilia maumivu ya Mama tu. Nilitaka kuusikia ule mzinga. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, nikajua kwamba ninachokitaka ndicho kinachomuumiza, na sikuweza kuacha kukitaka.

Siku ya nne Mama alirudi kutoka kazini akaja gerejini moja kwa moja, akageuza ndoo akaikalia. Alipitisha kidole juu ya vigingi, kimoja kimoja. Kisha akamuuliza Baba swali ambalo hatukulitegemea: "Kabla ya hiyo kitu kulia, kuna mtu anasema?" Baba hakujua. Tukaenda uani wote watatu, na Mzee Trevor akaeleza kwamba sheria ya klabu ni moja na haina mjadala: mtu anahesabu kwa sauti hadi tatu, na mtu yeyote, hata mgeni, akiinua mkono, kila kitu kinasimama.

"Mtu yeyote?" Mama aliuliza.

"Yeyote," alisema Mzee Trevor.

"Kule hakuna mtu alituhesabia," Mama alisema, akitugeukia sisi. "Basi nitahesabu mimi."

Miezi michache baadaye, milango ilipofunguliwa, tulikwenda kwenye shamba la klabu nje ya mji. Kazi yote ya baruti ilikuwa ya Mzee Trevor na mwenzake. Sisi tulisimama mbali nyuma ya kamba, tumeziba masikio, Mama akiwa na kitenge chake cha Jumapili. Alihesabu kwa Kirundi. "Rimwe," alisema. "Kabiri." Kisha akainua mkono. Wazee wale wote wenye ndevu wakasimama palepale, kofia mikononi, upepo ukiwapiga. Mama aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyetazama saa. Akaushusha mkono, akaanza upya, na safari hii alifika gatatu. Mlio uliingia kifuani kabla ya masikioni, moshi mweupe ukatanda, na Mzee Trevor akalia waziwazi kama mtoto. Mama alikuwa bado amesimama. Kucha zake zilikuwa zimezama kwenye mkono wangu, na alikuwa anacheka. Wiki iliyofuata Baba alikereza chungu cha maua cha kweli, maana asingefanya hivyo angelala na mashine yake.

Sasa nina miaka kumi na saba na ninasomea ufundi huohuo Granville. Mashine zetu zinaongozwa na kompyuta, ziko nyuma ya kioo, na nywele zangu hazinuki chochote. Ni sahihi kuliko mkono wa Baba, nakubali, ila kovu likitokea huwezi kuligeuza pambo, kazi inatupwa. Sitadai kwamba mlio mmoja ulimponya Mama. Fataki za mwaka mpya bado hazitaki, na mlango ukijibamiza bado hukaa sakafuni. Lakini kitu kimoja kimebadilika, na nakiona kila kiangazi dhoruba zinapotoka magharibi. Juzi nilikuwa bado karakanani Granville, mashariki ya kwetu, Mama aliponipigia simu kutoka nyumbani. "Neema, nimeona umeme," alisema, na bila kungoja jibu akaanza kuhesabu. Ngurumo ilipasuka upande wake, niliisikia simuni, lakini Mama hakunyamaza. Aliendelea kuhesabu, safari hii kwa ajili yangu, mpaka ngurumo iliponifikia.