Kurasa za Nyuma, Karibu na Picha ya Chef

Raporo ya kamati yetu, sisi tuliokimbia Mabalako, ina mwili na ina anexe. Mwili ni zile kurasa za mbele, za Kifaransa kirefu, ambamo waliotuua wanaitwa "watu wenye silaha wasiotambulika". Anexe ni kurasa za nyuma: picha za mikutano, majina ya waliohudhuria, na mwisho kabisa ushuhuda wetu.

Mimi nilimtambua mmoja aliyejua watakuja: chef wetu wa kijiji. Siku moja kabla ya shambulio alipakia mbuzi zake na godoro lake kwenye kamioni, akaenda Butembo, hakumwambia mtu. Godoro lilionywa, bwana yangu hapana. Nilitaka jambo hilo moja lisomwe na mtu mwenye cheo, basi.

Siku ya kufunga raporo, katibu wa kamati aliniita kwenye duka la fotokopi, kule Vulamba, nimsaidie kupanga anexe. Mwenye fotokopi akapima lile fungu kwa vidole, akacheka.

—Papa, hii haiwezi kuingia mu spirale ya kufungia. Mupunguze.

Katibu hakufikiri hata kidogo. Akashika kurasa za ushuhuda.

—Hizi tunaziacha, mama. Tutaandika kama ziko ku biro ya kamati.

—Na picha za batu wanakunywa fanta?

—Eh, mama! Ile ni preuve, ushahidi kama tulifanya kazi!

—Mi nilifikiri preuve ni batu benye kufa.

—Usikasirike. Bakubwa hapana kusoma mambo ya nyuma.

Uongo. Nimeona raporo zikipokelewa. Mkubwa hushukuru, huipima uzito kwa mkono, halafu hufungua nyuma moja kwa moja kutafuta picha yake. Mwili hakuna anayeugusa mpaka panya wauanze.

Basi, katibu alipotoka kujibu simu, nilitoa picha mbili za fanta, nikatia ukurasa wangu, uso kwa uso na picha ya chef. Siku hizi yeye ni mjumbe wa amani; pale pichani anakata utepe. Mashine ikatoboa vyote pamoja.

Siku ya kukabidhi raporo kule Beni, chef alikaa mstari wa mbele. Akafungua nyuma, akajiona, akamwonyesha kiongozi aliyekuja kuipokea, aliyekaa kando yake. Kiongozi akasifu suti. Kisha jicho lake likahamia ukurasa wa kando, ule wangu, akasoma mpaka chini.

—Chef, wewe ulitoka kule siku gani?

Chef akageukia kamati.

—Nani alipanga ba anexe?

Katibu akainamia viatu vyake. Nikasimama.

—Ni mimi, chef. Mukubwa anangojea jibu.

Chef alisema jua ni kali, akatafuta dereva wake. Kamati nayo ilinifukuza siku ile ile, eti mama asiyesoma ameharibu raporo. Lakini kiongozi aliondoka nayo kwapani, kidole chake kikiwa bado katikati ya zile kurasa mbili.