Mfalme Aliyesoma Maji

Wewe unayenisikiliza, kama umewahi kukaa na rundo la madaftari ya watoto mbele yako na kalamu nyekundu mkononi, utanielewa haraka. Kama hujawahi, usijali, nitakueleza polepole, maana kosa langu lilianzia katika kazi ndogo kabisa.

Kazi hiyo tuliiita kusimulia upya. Mwalimu anasoma hadithi mara mbili, watoto wanasikiliza, kitabu kinafungwa, kisha kila mmoja anaiandika kwa maneno yake. Hairuhusiwi kunakili. Mtoto akiielewa hadithi, utaiona inatoka upande wa pili ikiwa hai, na mara nyingine inatoka imevaa nguo za kwao. Nilikuwa natoa alama ishirini: nne za mwanzo, sita za mtiririko, sita za lugha, nne za mwisho. Mgawanyo huo niliuandika kwenye kadibodi nikaubandika ukutani, watoto wauone na wajue kwamba mwalimu wao hapendelei mtu. Nilijivunia kadibodi ile kuliko nilivyopaswa.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati yake. Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini, nafundisha darasa la tano katika shule ya kijijini huko Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi, juu mlimani. Mimi mwenyewe nimezaliwa upande wa Kasulu, Muha, mama Muha, baba Muha. Kiswahili nilikikuta shuleni kama watoto wote wa kwetu. Chuo cha ualimu nilisoma na wenzangu waliotoka mbali, na wao walikuwa wakiniiga ninavyotamka, wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Basi nikajifunza kuongea kama redio. Nilirudi milimani na Kiswahili kilichopigwa pasi, nikawa naogopa kila siku kisije kikakunjika.

Hadithi ya wiki ile ilikuwa ya mfalme mgonjwa. Wanawe watatu wanatumwa kwenda kutafuta maji ya uzima kwenye chemchemi ya mbali. Wakubwa wawili wanarudi mikono mitupu. Mdogo anarudi na maji, na kaka zake kwa wivu wanamnong'oneza baba yao kwamba maji yale yametiwa sumu. Kitabu kilimaliza kwa mstari mmoja: mfalme akanywa maji, akapona. Hakikueleza kwa nini mgonjwa aliyeonywa habari ya sumu alikubali kunywa. Nilikuwa nimeifundisha hadithi hiyo miaka mitatu na sikuwahi kuliona tundu hilo.

Msichana mmoja wa darasa langu aliliona. Alikuwa mpole, anakaa dawati la tatu karibu na dirisha, mwandiko wake mdogo na wa kubana kwa sababu daftari moja lilitakiwa limtoshe mwaka. Yeye aliandika hivi: "Mtoto mdogo akapiga magoti. Akasoma yeye kwanza mbele ya watu wote. Halafu akampa baba. Mfalme akasoma maji, akapona."

Hapa nisimame nikueleze. Kwa Kiha, na kwa Kirundi pia, maana ni lugha za kinywa kimoja, gusoma ni kusoma kitabu. Lakini gusoma ni pia kupeleka kinywaji midomoni, kunywa funda moja. Na kwetu anayekupa kinywaji huanza yeye mwenyewe kukigusa kwa midomo, mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Maana yake: tazama, ni safi, nami nimekunywa. Yule msichana alikuwa amechukua desturi ya nyumbani akaziba nayo tundu la hadithi. Sijapata kuona simulizi bora kuliko ile katika miaka yangu yote ya kazi.

Nami nililijua neno lile, tafadhali shika hilo kabla hatujaendelea. Mama yangu alinilea kwa neno hilo. Nilipokuwa naumwa alinishika kisogo, akaniwekea kikombe cha uji mdomoni, akaniambia nisome.

Siku ya kurudisha madaftari nilimsimamisha. Nikaisoma sentensi yake kwa sauti yangu ya redio, nikaliangalia darasa.

"Hebu niambieni, hayo maji yameandikwa nini?"

Darasa likalipuka.

"Yameandikwa: usinywe!" akadakia mmoja wa nyuma.

"Mwalimu, mfalme yuko darasa la ngapi?"

"La kwanza! Bado anasoma kikombe!"

Nikawaacha wacheke. Nilisikia utamu fulani, na leo naujua ni utamu gani: kicheko kile kile cha chuoni, safari hii kikimwelekea mtu mwingine.

"Nyumbani kwenu mnasoma maji?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na uji?"

"Na uji, mwalimu."

Alijibu kwa utulivu, akinitazama usoni. Alidhani nauliza kwa sababu nataka kujua.

Nikampa saba. Lugha nikampa sifuri. Pembeni mwa ile sentensi nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa ambazo hata wenzake wa dawati walizisoma: KIRUNDI. Ningeweza kuandika "Kiha", na ningekuwa mkweli. Lakini kuandika Kiha kungekuwa kujitaja mimi.

Ungekuwa mwaka mwingine, labda neno hilo lingekufa ndani ya daftari. Lakini miaka ile watu walikuwa wanavuka mpaka kwa maelfu, kambi zinajaa, na malori yanapita barabarani yakiwa yamejaa watu na magodoro. Ikatoka amri kwamba wageni wote wanaoishi vijijini wapelekwe kambini. Baba wa msichana yule alivuka akiwa mgongoni mwa mama yake, zamani, kabla mimi sijazaliwa. Alikulia kijijini pale, akaoa pale, akalima pale, hata watu walikuwa wamesahau alikotoka. Watoto wangu wa darasa la tano waliondoka siku ile wakimwita binti yake Soma Maji. Walipofika nyumbani na kuulizwa wanacheka nini, wakaeleza: mwalimu amesema fulani anaandika Kirundi.

Baada ya wiki moja baba yake alikuja shuleni, saa ya mapumziko. Nilimkuta amesimama nje ya ofisi ya walimu, daftari amelifunga katika kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Habari ya watoto?"

"Nzuri. Karibu ndani."

"Hapa panatosha." Akafungua kitambaa, akafungua daftari, akaweka kidole chini ya lile neno. "Mwalimu, mimi sikusoma sana. Hapa umeandika Kirundi?"

"Ndiyo, mzee. Lakini ni sahihisho tu. Ni la lugha."

"Mjumbe wa nyumba kumi amenifuata. Anasema hata mwalimu wa serikali ameandika kwamba kwangu ni Warundi. Ijumaa nimeitwa kwa mtendaji wa kijiji. Nikishindwa kueleza, lori la Jumamosi ni letu. Mimi, mke wangu, watoto wanne."

Nikasema, "Ngoja, mzee, nitalifuta." Nikaingia ofisini nikatoka na wembe. Ndivyo tulivyokuwa tunafuta wino: unakwangua taratibu, karatasi inabaki na manyoya kidogo. Lakini nilikwangua kwa haraka na karatasi ya daftari ilikuwa nyepesi. Neno likatoka pamoja na karatasi yenyewe. Pakabaki shimo.

Mzee akaliangalia. Akainua daftari, akachungulia uwanja wa shule kupitia pale.

"Sasa, mwalimu, wakiona shimo si watasema tumeficha kitu?"

Nikauficha wembe mfukoni. Naye hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeomba jembe kwa jirani: "Kama ungekuja Ijumaa ukasema tu kwamba neno lile hata kwenu Kasulu lipo. Wewe ni mwalimu. Ukisema, yataisha."

"Ijumaa nina vipindi, mzee."

"Hata baada ya vipindi."

"Nitajitahidi."

Alinishukuru. Alifunga daftari katika kitambaa, akateremka mlima.

Ijumaa nilikwenda. Nasema hivyo ili usinidhanie vibaya zaidi ya ninavyostahili, lakini kwenda kwenyewe hakunisafishi. Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye meza na mabenchi mawili. Mtendaji alikuwa kijana wa makamo, Muha kama mimi, amenyoosha suruali yake vizuri. Mzee alikuwa amekaa benchi la ukutani na mkewe. Msichana alikuwa pembeni yao, amevaa sare ya shule.

"Ahaa, mwalimu mwenyewe huyu," mtendaji akasema. "Karibu sana. Tunataka utaalamu. Huyu mtoto anaandika Kirundi au haandiki?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na sentensi yangu tayari: lile ni neno la mama yangu. Maneno sita. Nikatazama ile suruali iliyonyooka, nikatazama watu waliojaa mlangoni, nikasikia sauti ya redio ikitoka kinywani mwangu.

"Kitaaluma," nikasema, "mwanafunzi huyu ana athari za lugha ya nyumbani."

"Nyumbani wapi? Ng'ambo?"

"Athari tu. Ni jambo la kawaida."

"Haya," akasema mtendaji, akaandika kitu. Sikujua ameandika nini. Mzee aliinamisha kichwa.

Wakati huo aliingia mama mmoja mtu mzima, jirani yao, amebeba kibuyu cha togwa. Alikuwa ndiye anayewaletea watu wa ofisi kinywaji siku za vikao. Alimimina kikombe, akagusa yeye kwanza kwa midomo, akampa mtendaji. Mtendaji akanywa, akafuta mdomo, kisha kwa ukarimu kabisa akanisogezea kikombe.

"Mwalimu, umetembea mbali. Soma kidogo."

Watu wa mlangoni wakageuka kumtazama. Nadhani yeye mwenyewe hakusikia alichosema. Mimi nilikipokea kikombe. Nikakishika. Ilikuwa imebaki niseme neno moja tu, tena kwa kucheka, na kila mtu angecheka nami. Nikanywa funda moja, nikasema, "Asante."

Yule mama ndiye aliyesema.

"Ehe! Mwamsikia? Mtendaji naye amesoma! Haya, na yeye mpandisheni lori!"

Watu wa mlangoni wakaangua kicheko.

"Mama, mimi nimesema..." mtendaji akaanza.

"Umesema soma. Mama yako alikusomesha uji mpaka ukaota meno, leo ni Kirundi? Na mwalimu huyu je? Mwalimu, weye mwana wa Kasulu, kwenu mwasemaje? Au kwenu togwa mnaimeza kwa kijiko?"

Watu wakacheka zaidi. Nami nikasema, hatimaye, kwa sauti ndogo, "Tunasema hivyo hivyo."

"Nani? Sauti!"

"Hata kwetu tunasema hivyo hivyo."

Mtendaji alikuwa mtu mwenye aibu, jambo ambalo namvulia kofia mpaka leo. Alicheka kidogo, akakata alichokiandika. Akasema familia ile ibaki, wazee watatu waliokuwapo wakaweka dole gumba kuthibitisha kwamba mzee ni mwanakijiji. Jumamosi lori lilipita bila wao. Mama yule alichukua kibuyu chake akaondoka, akiniacha na kikombe mkononi.

Nje, mzee alinishika mkono kwa mikono miwili akanishukuru. Nakuambia kweli, ningeona nafuu kama angenitukana.

Jumatatu nililieleza darasa kuhusu lile neno. Nilieleza haraka haraka, nusu nimegeukia ubao, kwamba kuna maneno yenye maana moja nyumbani na maana nyingine kwenye Kiswahili, na kwamba wasicheke wenzao. Sikusema kwamba mimi nililijua tangu mwanzo. Kisha nikaenda kwenye dawati la tatu karibu na dirisha, nikainama.

"Mwanangu, lete ile hadithi ya mfalme. Nataka kuirekebishia alama. Ilistahili kumi na nane."

"Ile nimeshaichana, mwalimu. Ilikuwa na shimo." Akanisukumia daftari. "Nimeandika nyingine."

Nikaisoma nimesimama. Mwanzo mzuri, mtiririko mzuri, Kiswahili hakina doa. Mtoto mdogo hakupiga magoti tena. Hakugusa maji kwanza mbele ya watu wote. Ilikuwa imeandikwa: mfalme akanywa maji, akapona. Sawasawa na kitabu.

"Na kile kipande cha yule mtoto kuonja?" nikamuuliza. "Kilikuwa kizuri sana kile."

"Baba amesema niandike ya kitabuni tu."

Nilimfundisha mpaka alipomaliza darasa la saba. Kila simulizi yake ilikuwa safi, na kila simulizi ilikuwa ya kitabuni. Kwa kufuata kadibodi yangu ilinibidi nimpe kumi na saba, kumi na nane, mara moja kumi na tisa. Nilikuwa nazitia alama hizo huku nikijua nalipia kitu ambacho si chake. Mtoto aliyeliona tundu la hadithi hakuniandikia tena hata mstari mmoja, na darasa zima likajifunza kutoka kwake kwamba mambo ya nyumbani hayaletwi kwa mwalimu. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha kusimulia, nami nilimfundisha mmoja wao, aliyekuwa na kipaji kuliko wote, kunakili.

Sasa nikupe utaratibu ninaoutumia tangu hapo, ni mwepesi na hauhitaji kadibodi. Ukiletewa hadithi ya mtoto, isome yote kwanza, kalamu ikiwa mezani. Ukifika kwenye neno linalokukwaza, pitisha chini yake mstari mwembamba wa penseli, usiandike kitu kingine. Mwite mtoto akiwa peke yake, umuulize: neno hili nyumbani kwenu mnalitumiaje? Kama na kwenu lipo, mwambie hivyo, kwa sauti ya kusikika. Halafu ndipo uchukue kalamu.