Nilimnunulia mama jiko la gesi Koboko, sasa mama hali tena

Wakuu, salaam kwenu mlioshiba na mnaosubiri kushiba.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na mengine yananiaibisha, kwa hiyo mjue sina sababu ya kutunga.

Mimi ni mwanamke wa Koboko, Uganda, baba alikuwa askari, na jeshini kwetu ni Kiswahili, ndiyo maana tulikiongea nyumbani. Kukiandika nilijifunza Mwanza nilikokaa miaka kadhaa. Sasa nimepanga Oli, pale Arua, nauza vitenge. Leo Omugo siku ya soko, kesho Gulu, wiki ijayo Kampala.

Kwa kula, wakuu, mnisamehe. Nikifika mji wa watu siulizi chipsi, nauliza nyinyi hapa mnakula nini. Gulu nilishakula malakwang, ile mboga yao chachu, mpaka mama wa hoteli akaniuliza kama nina mimba. Omugo kina mama wa Sudan Kusini wananipikia mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga, nafuta sahani kwa kisra, ule mkate wao mwembamba wa mtama.

Ila huko kote nilikuwa nazurura tu. Chakula changu ni osubi ya mama, yaani majani ya kunde yaliyoungwa kwa ufuta, na ugali mweusi wa muhogo na ulezi.

Kinachoifanya osubi ni maji ya majivu. Mama alikuwa anachoma maganda ya maharage, majivu anayatia kwenye chungu chenye matundu chini, anamwagia maji, yanadondoka pole pole yakiwa rangi ya chai. Hayo ndiyo yanalainisha mboga na kuipa ladha yake.

Wamama wa mtaa walikuwa wanakuja na vikombe kumwomba. Kuomba kikombe ni dakika moja, lakini walikuwa wanakaa mpaka adhana ya magharibi.

Tatizo lilikuwa kikohozi. Kliniki walisema ni moshi wa kuni. Basi mimi mwenye akili nyingi nikanunua Arua jiko la gesi na mtungi wake. Nikataka iwe surprise.

Nilifika na fundi. Siku hiyo hiyo tukabomoa kijumba cha jikoni, kilikuwa cheusi kwa masizi. Chungu cha kuchujia kilikuwa kimetundikwa humo ndani, kikapasuka. Nilikifagia pamoja na udongo.

Mama alisimama anaangalia. Akasema, "Iko muzuri, mwanangu. Mungu akubariki."

Nikaridhika. Nikapiga picha, nikaweka status.

Hapa niseme kitu. Kwetu zawadi ya mtoto mzazi haisemi vibaya, akilalamika ni kama anamtakia mtoto mkosi. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo. Na bado nilipoambiwa iko muzuri, nikaamini.

Baada ya hapo ikawa simu tu. Umekula? Nimekula. Umekula nini? Osubi. Mimi nafurahi, naendelea na safari zangu na sahani za watu. Mvua ikapita, kiangazi kikapita, sijatia mguu Koboko. Biashara, biashara.

Siku moja akanipigia Zaitun, mke wa kaka yangu, anakaa kiwanja cha jirani.

"Dada, kuja uone mama. Mama hapana kupika. Yeye nakunywa chai na mkate tu."

"Na gesi?"

"Gesi iko vile uliacha. Yeye naogopa hiyo moto. Alinikataza kusema, eti mototo akisikia roho itamuuma."

Niliondoka asubuhi hiyo. Nilipofika nikaingia ndani kwenye lile jiko la gesi, nikainua mtungi. Mzito vile vile kama siku niliyouleta. Nilikaa chini nikalia kama mjinga.

Mama amebaki mifupa, wakuu. Wale wamama wa vikombe hawaji, wamepata mwingine wa kuwachujia. Anashinda mlangoni peke yake. Nilimpeleka hospitali Arua wakapima kila kitu, wakasema hawaoni ugonjwa, ale tu. Hiyo "ale tu" iliniuma kuliko kama wangetaja ugonjwa.

Nikaamua kurudisha nilichovunja. Nikasimamisha kijumba cha nyasi na mafiga. Nikaenda Manibe kwa mama mmoja mfinyanzi, akanitengenezea chungu cha matundu. Nikachoma maganda, nikachuja, nikapika osubi mwenyewe, mama ameketi pembeni.

Akanisahihisha mara moja tu: "Ufuta bado. Ngoja maji ipungue." Nikasema sasa amerudi.

Nikamwandalia. Akanawa. Akakata tonge dogo, akachovya, akatafuna muda mrefu mno. Halafu akaisukuma sahani kwangu.

"Imeiva," akasema. "Kula wewe, mama. Mimi nilishiba zamani."

Huwa ananiita mama akiwa na upendo na mimi. Nilikula, nimwonyeshe kwamba nakula, na sikusikia ladha yoyote.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Vitenge nimeviacha Oli, nimekaa hapa. Kila siku napika, kila siku sahani inarudi.

Nilichojifunza ni hiki: ukimletea mzazi kitu kipya, cha zamani kiache hapo hapo mpaka akitupe mwenyewe. Na akikuambia kwenye simu amekula, nenda ukaangalie sufuria.

Mnaotaka kunitukana, tukaneni, nastahili na nitasoma zote. Ila kama humu kuna mtu ambaye mzazi wake aliacha kula kisha akaanza tena, naomba yeye atangulie kuandika. Aseme alimpa nini, alimwambia nini. Hata kama alikula kijiko kimoja, andika.

Mama yuko chumba cha pili, na leo hajagusa kitu.