Mlango Uliooga Kila Mara

Mke wangu aliitwa Torpekai. Alipokuwa hai sikulitaja jina hilo mbele za watu, kwetu si adabu. Yeye naye aliniita baba Nangyal.

Aliamini mambo. Kwamba chumvi ya dukani inatiwa dawa ya ugumba. Kwamba ndege zisizo na rubani, zinazozunguka juu yetu, zinasikia maneno yetu, basi hata kunigombeza alinong'ona. Sikumcheka sana. Kaka yake alichukuliwa sokoni mchana kweupe, na hadi leo hatujaambiwa na nani wala kwa nini. Asiyepewa sababu hujipikia yake, akaila ikiwa moto.

Wanawake wa chanjo ya polio wakipita, huandika mlangoni kwa chaki idadi ya watoto. Torpekai akasema ni alama ya nyumba za kulipuliwa. Akamficha mjukuu wetu Gulalai chumba cha kuni, akalowesha kitambaa, akafuta.

"Mlango wako unaoga kuliko mumeo!" jirani akamtania.

Torpekai hakujua kuwa mlango usio na chaki ndio hurudiwa. Wakarudi. Akafuta. Wakarudi.

Kisha mtoto wa ng'ambo ya mto akapooza mguu. Nikamwogopea Gulalai. Kuamuru ningeweza, ila ningemshinda leo, kesho angemficha mbali zaidi. 

Safari ya nne alikuja mmoja wa wale wanawake wa chanjo, Palwasha, peke yake. Akajibwaga kizingitini.

"Bibi, unanimaliza miguu."

"Mnatuhesabu mtuue."

"Naandika kwa sababu nasahau. Hata kufuli la kwangu sikumbuki kama nimelifunga."

"Nani amekutuma?"

"Njaa, bibi. Na mama mkwe."

Torpekai akacheka bila kutaka. "Haya, onja wewe kwanza."

Palwasha akatoa kichupa cha chanjo, akajidondoshea tone ulimini, akakunja uso.

"Chungu?"

"Si kama maneno yako."

Torpekai akaingia ndani, akakawia. Nilikuwa nachonga mpini, nikauharibu. Akatoka amemshika Gulalai mkono.

"Mpe. Lakini chaki andika upande wa ndani, wa juu wasione."

Gulalai akameza. Bibi yake akamweka mapajani, kila mara akimwambia toa ulimi, hadi adhana ya alasiri. Mtoto akachoka, akaomba mkate.

"Baba Nangyal," akaninong'oneza, "hii chupa walikosea. Wametuletea nzuri."