Siku Niliyoandika "Alilala Nje"

Barua ya kuniteua ilikuwa na mistari mitatu na muhuri wa chuo. Ilisema kwamba kuanzia muhula wa pili ningekuwa Msimamizi Mkazi wa Hosteli ya Wasichana, nikimsaidia matroni. Hakuna msichana hata mmoja aliyewahi kulitamka jina hilo lote. Waliniita Matroni Mdogo, wachache kwa heshima, wengi kwa kejeli, nami nikajifanya sisikii tofauti.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha kufundisha walimu wa nasari, pale Kitengela, mwishoni mwa miaka ya tisini. Wakati huo ukipita nyumba za mwisho tu, umefika mbugani, na asubuhi nyingine tulipiga mswaki huku tukiwatazama nyumbu. Hosteli ilikuwa jengo refu la mabati lenye korido moja na mlango mmoja wa chuma. Vyoo na kamba za nguo vilikuwa nje, nyuma ya jikoni. Tulikuwa wasichana ishirini na wanne, ukiniondoa mimi.

Sikuchaguliwa kwa upole. Nilichaguliwa kwa mdomo. Siku moja kwenye foleni ya maji niliwafokea wasichana wawili waliokuwa wakioga kwa ndoo mbili mbili, nikawafokea mpaka mpishi akatoka na mwiko mkononi kuona kuna nini. Matroni alikuwa ameketi kibarazani akifuma sweta, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Aliniita.

"Wewe sauti yako inafika mpaka barabarani," aliniambia. "Kuja uifanyie kazi."

Kazi ile ilikuja na ufunguo wa mlango wa chuma, kitabu cha matukio, na chumba changu peke yangu. Lazima nikieleze vizuri hicho chumba. Kwetu tulikuwa tumepanga Kware, huko Rongai, watu saba katika vyumba viwili, kwa kuwa baba alikuja kutoka Magharibi kufanya kazi ya ukarani na ndugu wote wakamfuata. Sikuwa nimewahi kulala chumba ambacho hakina mtu mwingine anayekoroma. Cha hosteli kilitosha kitanda na meza, basi, lakini nilikipenda kupita kiasi. Nilikuwa nikifunga mlango mchana kweupe, nikakaa kitandani nikifurahia tu kwamba umefungwa.

Katika chumba namba nne kulikuwa na msichana wa Kimaasai kutoka Mashuuru, mrefu, mwenye kucheka huku amefunika mdomo. Yeye ndiye aliyenifundisha kusalimiwa. Siku ya kwanza aliniambia, "Takwenya," nami nikajibu, "Mzuri."

"Hapana. Unajibu, iko."

"Iko nini?"

"Iko tu."

Nikamwambia kwamba kwa Kiswahili ukisema iko, lazima kuwe na kitu ambacho kiko. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo kila aliponiona alinisalimia kwa makusudi, hata kama tulikuwa tumeonana dakika tano zilizopita, nami nilikuwa nikijibu "iko" kwa sauti ya kuchoka. Nilimpenda, ingawa cheo changu kilinizuia kuonyesha.

Jioni yangu ya kwanza na ufunguo niliwakusanya wote koridoni nikatoa hotuba. Hotuba! Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Niliwaambia mlango utafungwa saa tatu kamili, na ukishafungwa umefungwa, na hata akija mama yangu mzazi agonge mpaka vidole vitoke damu, mimi sifungui. Wengine waliguna. Yule wa Mashuuru alikuwa akinisikiliza kwa makini, na hilo nililiona, likanifurahisha.

Wiki ya pili stima zilipotea jioni moja yenye upepo. Saa tatu ilipofika niliwaambia wasimame kwenye milango ya vyumba vyao, nikapita na tochi nikihesabu vichwa. Wengi walikuwa wamejifunika leso kwa baridi. Ishirini na wanne. Hesabu ilitimia. Nikafunga mlango wa chuma, nikaingia chumbani kwangu, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi yake.

Asubuhi nilipofungua, alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya tangi la maji, yule msichana wa chumba namba nne, magoti kifuani, amevaa sweta nne moja juu ya nyingine. Ya juu kabisa ilikuwa yangu. Na kitu cha kwanza nilichohisi, nakiri, kilikuwa hasira kwamba amevaa sweta yangu.

Alisimama, akaivua, akaikunja vizuri, akanipa. "Takwenya," akasema. Meno yake yalikuwa yakigongana. Sikumjibu. Nilimwambia aende ndani apate chai, nikaenda kuchukua kitabu cha matukio. Kurasa zake zilikuwa tupu bado, na nilikuwa nimesubiri siku kumi kuandika kitu. Nikaandika tarehe, na chini yake: "Chumba namba nne, msichana mmoja alilala nje." Nikatia sahihi kubwa.

Kila Mkenya anayesoma haya ameshashika kichwa. Lakini mimi, naapa, wakati ule niliandika nilichokiona: mtu, benchi, nje. Matroni alisoma maneno yale mawili jinsi yanavyosomwa na watu wote wazima, yaani msichana amelala kwa mwanamume. Mwaka uliotangulia msichana mmoja alikuwa ameondoka hosteli na mimba, na wazazi wake walimlaumu matroni mbele ya chuo kizima. Basi akamwita yule wa Mashuuru ofisini, na mimi nikasimama mlangoni kama shahidi.

"Ulilala nje?"

"Ndio, matroni. Nililala nje."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Hauna hata aibu!"

"Ilikuwa baridi," alisema.

Matroni akavua miwani. Aliandika barua ya kumwita baba yake, na akasema wazi kwamba mzee akifika ataondoka na binti yake na sanduku lake. Msichana aliniangalia mara moja, akatazama chini. Kufikia hapo nilikuwa nimeelewa kilichosomwa. Nilichopaswa kusema kingetosha kwa pumzi moja. Sikusema.

Jioni hiyo nilijua pia hesabu ilitimia vipi. Jirani yake wa chumba namba tano, msichana wa Kisomali ambaye wazazi wake walikuwa na duka la nguo mjini, alikuja kwangu akilia. Dada yake mdogo alikuwa amemletea sambusa, upepo na giza vikamkuta hapa hosteli, naye akamlaza chumbani kwake kinyume cha sheria. Kichwa cha ishirini na nne kilikuwa cha mgeni. Yule wa chumba namba nne alikuwa nyuma ya jikoni akianua nguo kabla ya mvua, zake na zetu, na yangu ikiwemo. Msichana wa Kisomali alikuwa tayari kwenda kwa matroni kujitaja. Mimi ndiye niliyemwambia angoje kwanza.

Ninaandika haya nikiwa mtu mzima na bado yananiuma. Nilingoja siku mbili. Nililala kwenye chumba changu kizuri nikijiambia kwamba matroni atatulia, au barua itapotea. Nilijua kwamba nikifungua mdomo, ule mdomo niliochaguliwa kwa ajili yake, ufunguo utaondoka na chumba kitaondoka. Nilikuwa mwoga.

Mzee alifika siku ya tatu, mapema, ana shuka na koti juu yake, na viatu vyeupe kwa vumbi. Binti yake alimwinamishia kichwa, naye akakigusa kwa kiganja. Matroni alimkaribisha kiti, akafungua kitabu, akamsomea kwa sauti ya msiba: "Msichana mmoja alilala nje."

Mzee alingoja. Alidhani kuna zaidi.

"Nje wapi?" akauliza.

"Nje, mzee. Nje!"

"Hata mimi nalala nje, ng'ombe ikiwa mbali." Alimgeukia binti yake wakasemezana kwa Kimaasai, maneno machache. Kisha akamtazama matroni tena, bila hasira yoyote. "Anasema alilala hapo kwa tangi. Mlango ilikuwa imefungwa. Sasa nani alifunga?"

Matroni alinitazama. Yule msichana hakunitazama. Alikuwa akikagua sakafu kana kwamba ametumwa kuhesabu nyufa zake.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Nilimfungia nje. Nilihesabu vibaya."

Nikasema yote, mgeni, tochi, sweta, hotuba yangu ya vidole na damu. Nililia pia, na si kidogo. Matroni alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na ukanyamaza siku mbili," alisema. Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo.

Mzee alikuwa akifikiri. "Kwetu hatuhesabu watu," akaniambia, polepole, kama anayemwelekeza mtu njia. "Hata ng'ombe hatuhesabu. Jioni mama anasimama kwa mlango ya boma, anaangalia. Anajua huyu iko, huyu hakuna." Kisha akamwambia matroni, "Huyu msichana mrudishie kifunguo. Sasa ndio atafunga vizuri."

Alikunywa chai, akaondoka peke yake, na sanduku halikutoka chumba namba nne.

Nilimkuta binti yake kwenye kamba za nguo mchana huo.

"Mbona hukugonga?"

"Niligonga kidogo. Halafu nikakumbuka ulisema haufungui."

"Na kwa matroni, mbona hukusema ni mimi?"

"Nilijua utasema."

"Na kama nisingesema?"

Alifikiri kidogo, akiwa na kibanio mdomoni. "Lakini umesema," akajibu, akaendelea kuanika.

Matroni alikaa na ufunguo mpaka jua lilipozama. Kisha akaja chumbani kwangu, akauweka mezani pamoja na kitabu, akanionyesha kwa kidole ule mstari. Niliukata. Chini yake nikaandika: "Nilimfungia nje msichana wa chumba namba nne. Hakuwa na kosa." Safari hii sahihi ilikuwa ndogo.

Saa tatu nilipita bila kuhesabu. Niliingia kila chumba nikatazama uso mmoja mmoja, yule mwenye kikohozi, yule anayesoma Biblia juu ya kitanda cha juu, yule wa Kisomali aliyekuwa ananipa sambusa ya kuomba msamaha. Ilichukua muda, na kwa mara ya kwanza nilijua nani anakaa wapi. Kisha nikarudi mlangoni, nikatia ufunguo tunduni. Kila mtu alikuwa ameangaliwa.

Ndipo sauti ikatoka chumba namba nne, kwa nguvu, korido nzima isikie.

"Matroni Mdogo! Takwenya!"

Nilijishika kwenye mlango wa chuma.

"Takwenya!" akarudia, na sasa hakuwa anacheka. Alikuwa anangoja.

"Iko," nikasema, nikafunga.