Maji ya Mgeni

Maji ya kuchemshwa na kuni iko na harufu ya moshi, na mimi nikiisikia mpaka leo roho inachemka kushinda sufuria. Miaka ya tisini, huku kwetu Kitengela, tulikuwa tunakunywa maji ya silanga, ile bwawa ya mvua, sisi na ng'ombe na mbuzi na punda, na mjue punda hatoki kwa maji ndio akojoe. Ilikuwa nzito, ukiimwaga inafikiria kwanza. Ndugu yangu Mutua alikuwa amelala na homa ya matumbo, amekonda mpaka blanketi ndio ilikuwa inamshikilia upepo usimbebe.

Basi akaja daktari wa maji na maikroskopu kwa sanduku. Akiona wadudu, tunachimbiwa kisima. Watu wakajaa kwetu, mwenyekiti wa kijiji mbele, na tumbo yake mbele ya mwenyekiti. Daktari akamwambia mama, "Nipatie maji yenye mnakunywa hapa." Mama akaleta jagi. Huyo mtu alikuwa na mkono mwepesi, angenyoa mbu ndevu. Tone moja kwa kioo, halafu kioo ingine nyembamba kama ganda ya kitunguu akailaza pole pole kuanzia upande moja, ndio hewa isishikwe ndani, akakausha pembeni na karatasi. Akachungulia. Akachungulia tena.

"Hakuna kitu inatembea."

Mama akashika kichwa. "Daktari, hiyo ni ya mgeni. Nilichemsha." Na ni nani kwetu angepatia mgeni maji ya silanga? Si ni kumtusi? "Ngoja nikimbie nichote ile yenyewe."

"Mama Mutua, kaa," mwenyekiti akasema. "Mashine imeongea. Ama wewe unajua kushinda mashine?"

Watu wakacheka. Daktari akafunga sanduku. Mama hakukaa, alikimbia silanga; alirudi mbio na mtungi, akapata vumbi ya gari. Kisima ikachimbwa upande ule mwingine, kwa shamba ya shemeji ya mwenyekiti. Mutua aliamka, lakini masikio yake ilibaki kwa kitanda.

Siku hizi Kitengela ni gorofa tupu, mfereji iko mpaka chooni. Mwenyekiti amezeeka, akipita kwetu na jua anaomba maji. Namuuliza, "Ya kunywa, mzee, ama ya kupimwa?" Watu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Mutua ananivuta mkono, anauliza wanacheka nini.